Kamba ya Mkonge Uani

Ukitokea Tanga kwenda Muheza, mbele ya Ngomeni, palikuwa na njia ya vumbi jekundu iliyoingia ndani kati ya mikonge. Tuifuate. Mistari ya mikonge imenyooka mpaka macho yanachoka kuifuata, na hapa na pale mlingoti umechomoza juu ya majani. Kambi yenyewe hujaiona bado, lakini harufu yake imeshakupokea. Ni harufu ya makapi, mbichi na chachu, inayomkaba mgeni kooni na ambayo mwenyeji haisikii tena. Inatoka kwenye korona, ile mashine kubwa inayoponda majani ya mkonge na kuacha nyuzi tupu. Maji yake ya kijani yanapita mferejini nyuma ya nyumba zetu, na Mama ametukataza kuyakanyaga kwa sababu yanawasha.

Nyumba zetu ni vyumba vilivyoshikana kwa mstari, paa za bati lenye kutu, kila mlango na baraza yake ndogo. Chetu ni cha mwisho, karibu na mwembe. Jioni kama hii Mama amekaa juu ya mbuzi anakuna nazi, na Bibi yuko mkekani anachagua choroko, vidole vyake vinatupa mawe kabla macho hayajayaona. Baba, dereva wa trekta, anarudi na harufu ya dizeli, anaegemeza mgongo ukutani na kuomba maji. Na pale kizingitini, mkono mmoja juu ya redio, amekaa mdogo wangu wa kiume.

Aliijua kambi ile kuliko sisi wenye macho. Alfajiri, nyapara alipogonga kipande cha reli kuita watu kazini, mdogo wangu alishaamka na kusema leo kapiga kwa hasira. Alijua toroli iliyobeba majani na iliyorudi tupu kwa mlio wa magurudumu yake. Alijua baiskeli ya nani inapita kwa kelele za mnyororo. Treni ya kutoka Tanga ilipopiga honi usiku, alihesabu kimyakimya mpaka ilipofika daraja, kisha akalala. Alijua siku ya kuanika nyuzi kwa kuwa upepo wa uwanjani uligeuka mtamu na mkavu, na siku ya kuzipiga brashi kwa vumbi lililompigisha chafya. Sisi wengine tulimwuliza yeye kama mvua inakuja.

Macho yake yalichukuliwa na surua, akiwa bado anajifunza kusema maneno mawili pamoja. Mwaka ule surua iliingia kambini ikaenda nyumba kwa nyumba. Wengine walizikwa. Yeye alipona homa, vipele vikakauka, lakini macho yakabaki yamefumba na kutoa usaha, na yalipofunguka yalikuwa na utando mweupe. Muuguzi wa macho mjini Muheza alimweleza Mama taratibu kwamba surua ikimkuta mtoto aliyepungukiwa vitamini A, ile ya mbogamboga, maini na mapapai, huweza kuteketeza kioo cha jicho kwa siku chache tu. Mama alipanda mpapai wiki ileile. Ulizaa sana. Tuliyala mapapai yake miaka yote, na Mama hakuyagusa.

Baba alikuwa mtu wa maneno machache, na huzuni yake aliifanyia kazi kwa mikono. Alisokota kamba ya mkonge, akaifunga nguzo ya baraza, akaivuta mpaka mlango wa choo, na kutoka hapo mpaka kwenye pipa la maji. Alifunga fundo moja palipokaribia ngazi, mawili palipokaribia jiko la kuni. Mdogo wangu alijifunza kamba ile kwa siku moja. Baada ya hapo alikwenda mwenyewe, kiganja kikiteleza juu yake, huku akiimba. Kiganja kile kilikuwa na sugu ya mtu mzima. Pale kamba ilipoishia ndipo kazi yangu ilipoanzia: kumshika mkono mpaka dukani, mpaka kisimani, mpaka uwanjani kwenye rede, ambako alikaa pembeni na kusema nani amepigwa mpira, kwa sauti ya mpira wenyewe.

Mwaka 1984 alifikia umri wa shule. Ni mwaka aliofariki Sokoine, na watu wa umri wetu tunaukumbuka kwa hilo, kwa foleni za sukari na sabuni, na kwa ugali wa unga wa njano. Mama alimvika kaptula ya bluu iliyokuwa ya kaka yetu, akampeleka shule tuliyosoma sisi sote. Mwalimu aliyewapokea hakuwa mkali. Alisema tu hana kitabu cha mtoto huyu, hana mwalimu wake, na darasa lina watoto wanaokaa sakafuni. Akasema akae nyumbani, Mungu atamjaalia. Mama alirudi naye njia ya toroli. Mdogo wangu akaniuliza usiku shule ina harufu gani siku zote, maana leo aliisikia ya chaki.

Habari za Irente tulizipata kwa muuguzi yuleyule. Huko Lushoto, alisema, juu milimani, Kanisa la Kilutheri lina shule ya watoto wasioona. Wanalala hukohuko, wanasoma kwa vidole, wanafundishwa kufua, kutandika, kutembea kwa fimbo. Likizo wanarudi kwao. Mama alisikiliza, akashukuru, akafunga kanga yake, na njia nzima hakusema neno.

Maneno yalikuja usiku, kibatari kikiwa kimepunguzwa utambi. Sisi watoto tulijifanya tumelala. Shangazi alikuwa amekuja kutoka Pangani na samaki wakavu, na nyumba nzima ilinuka ng'onda.

"Mtoto wa miaka saba umpeleke baridini kwa watu usiowajua," alisema Shangazi, "watu watasemaje? Watasema mmemtupa."

"Watu wanasema hata sasa," alijibu Baba.

"Usiku akiota ndoto mbaya, nani atamshika?" Hiyo ilikuwa sauti ya Mama. "Akitapika? Akipotea njia ya choo? Huko hakuna kamba yako, baba watoto."

Baba alikaa kimya kitambo. "Kamba yangu inafika chooni na kwenye pipa," akasema. "Haifiki mbali zaidi ya hapo. Mimi na wewe tutakufa, mama watoto. Dada yake ataolewa. Sitaki aje kuwa mtu wa kukaa kizingitini kwa watu."

Bibi ndiye aliyekuwa na swali zito. Mjukuu wake alishaanza kuhifadhi sura fupi chuoni kwa kumsikiliza mwalimu, na alizisoma kwa sauti iliyowanyamazisha wakubwa. Huko kwa Wakristo, nani atamkumbusha sala? Baba hakuwa na jibu, akasema atakwenda kuuliza. Akaomba ruhusa kazini, akapanda basi mwenyewe. Aliporudi alisema Lushoto imejaa Waislamu, adhana inasikika bondeni, na mwalimu aliyezungumza naye amempa neno lake kwamba mtoto hatazuiwa dini yake. Bibi alifikiri siku nyingi. Kisha asubuhi moja, akipeta mchele, akasema, "Mpeleke akasome. Lakini asiporudi likizo, nitakwenda kumchukua kwa miguu yangu hii."

Kambini maneno hayakukosekana. Kisimani wanawake walinyamaza Mama alipofika. Mmoja alimwambia waziwazi kwamba yeye asingeweza, moyo wake si mgumu hivyo. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na Mama alilibeba lake bila kuwajibu. Ila usiku alishona. Kwa kuwa mtoto asingeweza kuona nguo zake kati ya nguo za wenzake, alishonea kila shati kifungo kidogo ndani ya ukosi, na kila kaptula fundo la uzi wa mkonge kiunoni. Alimfundisha kuvitafuta kwa kidole gumba. Sanduku la bati likajaa polepole: blanketi la kijivu, shuka la marekani, mche wa sabuni ulionunuliwa kwa kupanga foleni tangu usiku, mswaki, kikombe cha chuma. Bibi alikata kipande cha kanga yake ya zamani, yenye harufu ya udi na mafuta ya nazi, akakiweka chini kabisa.

Twende nao sasa, maana mimi nilichukuliwa ili nimshike mkono. Ni Januari. Basi limejaa, kuku wamefungwa miguu chini ya viti, na mdogo wangu amepakatwa na Mama ingawa ameshakua. Muheza tunaiacha na harufu ya machungwa yaliyorundikwa kando ya barabara. Segera, wachuuzi wanagonga ubavu wa basi. Korogwe kuna joto, na mto Pangani anausikia tunapopita juu yake, anauliza kama una mamba. Mombo tunashuka kubadili gari. Hapo kila kitu kinachemka: chai, mayai, kelele za wapiga debe wanaoita Soni, Lushoto, Soni, Lushoto.

Kisha barabara inapanda. Upande mmoja mwamba, upande mwingine bonde, na kona zinafuatana mpaka watu wanaacha kuzungumza. Mdogo wangu aliinua uso. "Hewa imekuwa nyembamba," akasema, "na kuna maji yanaanguka." Ni maporomoko ya Soni, na sisi tulikuwa bado hatujayaona. Pale sokoni wanawake wa Kisambaa walileta makapu dirishani. Baba alinunua plamsi, akampa moja mkononi. Aliigeuza, akaibonyeza, akainusa, akaiuma, maji yakamtiririka kidevuni. Hilo ndilo tunda la kwanza maishani mwake ambalo aliuliza jina lake baada ya kulimaliza.

Irente iko nje kidogo ya mji wa Lushoto, kwenye ukingo wa milima, mahali ambapo ardhi inaishia ghafla na tambarare ya Mombo inaonekana chini kabisa, na mashamba ya mkonge ndani yake. Baba alisimama pale akatazama sana. Kwa upande wa shule, tulisikia watoto kabla ya kuwaona: nyayo nyingi, kicheko, fimbo zikigonga saruji, na mtu akipiga mluzi. Mvulana mmoja alikuja akikimbia. Nilitaka kupiga kelele kwamba atajigonga, akakata kona sawasawa akaingia mlangoni. Mdogo wangu alinikaza mkono. "Huyo anaona?" akaniuliza. Nikamwambia haoni. Akaniuliza tena.

Mama hakukubali kukaa ofisini. Aliomba kuona anakolala mtoto. Aligusa godoro, akainua shuka, akahesabu hatua kutoka kitandani mpaka chooni, akanusa choo. Aliingia jikoni akafunua sufuria la maharage. Halafu akafanya jambo ambalo nimelisifu maisha yangu yote: alimwita msichana mmoja mkubwa kidogo, akampeleka chini ya mti mbali na walimu, akamwuliza kwa sauti ya chini. Unakula unashiba? Ukiumwa usiku unamwita nani? Kuna mtu anayekuumiza? Nyumbani wanakuja kukuona? Yule binti alijibu maswali matatu ya mwanzo bila kusita. La nne alilifikiria, akasema, "Walikuja mwaka juzi." Mama alimfuta uso kwa ncha ya kanga, ingawa haukuwa na kitu.

Mwalimu alimketisha mdogo wangu mbele ya kibao chenye matundu sita, safu mbili za matatu, na vigingi sita vya mbao. Alimwekea kigingi kimoja juu kushoto. "Hii ni a," akasema. Akaongeza cha pili chini yake. "Hii ni b." Vidole vile vilivyozoea mafundo ya kamba vilipita juu ya vigingi mara moja tu. Akasema, "Nipe nyingine." Hatukusikia tena akiuliza habari zetu mpaka jua lilipoelekea magharibi.

Kuagana sikuelezi kirefu. Mlezi wa bweni alikuwa mama mnene mwenye sauti nzito. Alimwambia Mama, "Mwite jina lake, umwambie unaondoka na lini utarudi. Usimtoroke. Mtoto asiyeona akitorokwa mara moja, kila ukimya utamtisha." Mama akafanya hivyo. Mdogo wangu alilia, akamshika shingo, na Mama hakuharakisha. Aliondoka pale mtoto alipomwachia mwenyewe.

Nyumbani kamba ilibaki. Kuku waliilalia, nguo zikaanikwa juu yake, na Baba hakutaka ifunguliwe. Mama aliendelea kupakua sahani iliyozidi, kisha akaifunika, kisha akatupa sisi tugawane. Saa ya kipindi cha Mama na Mwana alifungua redio kwa sauti kubwa kuliko kawaida, na alipoulizwa alisema huenda na huko wanasikiliza. Kisimani aliendelea kwenda kama zamani. Yule jirani wa moyo laini alikuja siku moja kumwuliza jinsi mpwa wake kiziwi angeweza kupatiwa shule. Mama alimtengenezea chai, akamweleza yote, hakumkumbusha neno lolote.

Barua yake ya kwanza ilikuja katika bahasha kubwa ya kaki, karatasi nene isiyo na wino hata tone. Chini ya kila mstari wa nukta nundu mwalimu alikuwa ameandika kwa penseli. Ilisema kuna baridi, amepata rafiki, blanketi linatosha, na plamsi zimekwisha. Baba alinipa niisome kwa sauti, lakini Mama aliichukua akaipitisha vidole, akafumba macho, akaipitisha tena.

Aliporudi likizo alikuwa na kibao kidogo cha chuma cha kuandikia na kisindano chenye kishikio cha mbao. Alikaa mkekani na Bibi akamwonyesha. Mtu huandika kwa kutoboa karatasi kutoka kulia kwenda kushoto, halafu huigeuza na kuisoma kutoka kushoto kwenda kulia. Bibi alimsimamisha. "Rudia. Unaanzia kulia?" Ndiyo, Bibi. "Kama herufi za chuo?" Ndiyo, Bibi. Bibi alicheka mpaka akashika mbavu, akawaita majirani waje waone mjukuu wake anaandika kuanzia kulia. Tangu siku hiyo hakumwuliza mtu tena habari za Irente.

Lakini likizo zilituonyesha na upande mwingine. Mdogo wangu alirudi na maneno ya Kisambaa tusiyoyajua na utani wa bweni tusiouelewa. Kambini palikuwa pamechimbwa mtaro mpya, akatumbukia mguu mahali alipopajua tangu utoto. Wenzake wa rede walimwonea haya, wakampa mkono wa salamu kama mgeni. Ikabidi tumzungushe upya, mlango kwa mlango, aguse kuta, aambiwe nani kazaliwa, nani kahama, nani kafa. Mama alilifanya hilo kuwa desturi kila siku ya kwanza ya likizo. Alisema mtoto hawezi kuwa wa kwetu ikiwa njia za kwetu hazijui.

Na alitusimulia habari za rafiki yake ambaye hakufuatwa. Likizo ilipoanza aliketi kwenye ngazi za bweni na sanduku lake, akisikiliza magari yakipanda. Kila gari alilitaja aina yake. Mwishowe shule ikawa tupu, na mlezi akamwambia aingie ndani ale. Tangu hapo Mama alifunga vifurushi viwili vya mihogo ya kukaanga, kimoja cha mwanawe na kimoja cha mtoto yule, na cha pili kilikuwa kikubwa zaidi.

Mdogo wangu alikua, akafanya kazi ya kuunganisha simu ofisini, akaoa, ana watoto. Anaishi Tanga na anapanda basi peke yake. Korona ya kambi yetu ilinyamaza zamani, na mikonge mingi imegeuka michungwa. Bibi, Baba na Mama tumewazika palepale, na aliyewasomea Yasini kwa moyo ni yeye.

Leo sheria yetu ya mwaka 2010 inampa mtoto mwenye ulemavu haki ya kusoma, na zipo shule za kutwa zenye vitengo vya watoto hawa. Ingekuwapo moja karibu nasi mwaka ule, naamini Mama asingeshona vifungo vile, na ingekuwa bora. Lakini bado wapo wazazi ambao njia pekee iliyobaki ni bweni. Mauaji ya watu wenye ualbino yalipozuka Kanda ya Ziwa, watoto wengi walikimbiziwa kwenye shule kama Buhangija pale Shinyanga na Kabanga kule Kasulu. Uzio uliwalinda. Baadhi yao walikaa ndani yake miaka bila kumsikia mama yao.

Kumpeleka mtoto bweni hakumfanyi mzazi kuwa mtupaji, na kumweka nyumbani peke yake hakumfanyi kuwa mwema. Kinachopima ni yanayofuata. Basi ewe mzazi ambaye usiku huu umepunguza utambi na swali hili liko mezani kwako: nenda ukapaone mahali penyewe, na si ofisi tu. Nusa choo, funua sufuria, waulize watoto wenyewe, mbali na wakubwa wao. Mwambie mwanao ukweli siku ya kumwacha. Kitanda chake nyumbani usikigawe. Na wewe jirani, usimwongezee mzigo kwa maneno. Mwulize anahitaji nini. Likizo ikifika, hata kama nauli ni ya kukopa, nendeni mkamchukue mtoto.